Bomba Lililofungwa Kichwa Chini

Melini, 4 Machi

Mume wangu Bwana Baridi,

Salamu nyingi. Kwanza nikuulize: huko ghalani bado unavaa lile koti lililotoboka kiwiko, au hatimaye umejionea huruma ukalitupa? Nakujua. Umelivaa hata sasa unaposoma.

Mimi mzima. Wiki ya kwanza bahari ilinikomesha, nikawa natapika hata maji matupu, lakini sasa napita kwenye korido na kikombe cha chai mkononi na hakimwagiki. Mpishi anasema nimeiva.

Nani angedhani wewe na mimi tungerudi kwenye barua za karatasi kama wachumba wa zamani? Ndiyo hivyo. Kebo ya mawasiliano imekatika, intaneti ya huko kwenu imekufa, na kilichoikata ndicho hicho tulichofuata huku. Redio ya setilaiti ipo, ila ni ya shughuli za kazi tu. Tena Mzee wa Redio ana tabia ya kusoma kila ujumbe kwa sauti wakati wa chakula, wote tumekaa mezani, ili asiulizwe mara mbili. Kwa hiyo nitakuandikia kwa boti ya mizigo, barua nitaichomeka katikati ya mabomba ya tope.

Mdogo wako aliniuliza siku ya kuagana ni nini hasa kinachoporomoka chini ya maji, nikababaika. Mwambie hivi: bara haliishii ufukweni. Linaendelea chini ya bahari, kisha linateremka taratibu kwenda kilindini, na mteremko huo umejaa tope lililotua punje kwa punje tangu zama na zama. Siku moja tope hilo linaachia. Mlima mzima unaondoka kule chini gizani, hakuna wa kupiga kelele, na wewe nchi kavu unapiga mswaki wako. Ajabu ni kwamba mteremko wenyewe si mkali. Ukiweka mpira pale, mpira wenyewe utafikiri kwanza kabla ya kubingirika.

Sisi tunashusha bomba refu la chuma, linajichoma kwenye tope, tunalivuta juu na kulikata vipande. Kila kipande nakifunga kifuniko cheupe juu, chekundu chini, na ubavuni nachora mshale wa kuonyesha juu. Sijasahau nani alinifundisha. Siku yangu ya kwanza kazini ulinifokea mbele ya watu: "Bomba bila mshale ni tope tu!" Nikasema moyoni, huyu mwanamume mkorofi sitazungumza naye tena. Tazama sasa nilipo.

Na siku ya kuondoka, bandarini, ulinipa mkono. Mkono! Kama afisa wa forodha. Nilisimama ukingoni mwa meli mpaka ukawa mdogo kama kiberiti, nikingoja angalau upunge.

Nimekukumbuka mno. Naandika waziwazi kwa sababu najua wewe hutaandika.

Wako,
Binti Matope


Ghalani, 15 Machi

Mke wangu Binti Matope,

Barua nimeipata ndani ya sanduku la pili, imelowa pembe moja. Koti nimelivaa, ndiyo. Liache koti langu.

Mabomba yamefika salama. Mawili nimeshayapasua kwa urefu kama kawaida yetu. Nusu ya kazi iko mezani, wenye visu na darubini waje waichokonoe wanavyotaka. Nusu ya akiba nimeifunga vizuri na kuilaza rafuni kwenye baridi, na hakuna mkono utakaoigusa. Umeyafunga kifundi kweli. Mchanga mzito chini, tope laini juu, kama inavyokuwa kila mahali palipoporomoka, kwa kuwa kizito hutangulia kutua. Nilimwonyesha mdogo wangu, akasema mbona ni sawasawa na ndoo ya maji machafu iliyoachwa ikatuama. Nikamwambia amefaulu mtihani.

Nyumbani kwema. Nakula vizuri, nalala vizuri. Mmea wako wa dirishani unaendelea. Jirani wa juu bado anaburuta viti. Mlango wa kabati bado haufungi, nitauangalia.

Kuhusu ule mkono bandarini: palikuwa na watu.

Nawe umekumbukwa hapa.

Mumeo


Melini, 27 Machi

Bwana Baridi wangu,

"Umekumbukwa hapa." Na nani, mume wangu? Na rafu? Na kipimajoto? Nimeisoma sentensi hiyo mpaka mwenzangu wa chumbani akaniuliza nacheka nini. Halafu nikaikunja nikaiweka chini ya mto, kwa hiyo usidhani imekwenda bure.

Nina habari mbili. Ya kwanza: tumempata mchawi. Chini ya tope gumu lililoporomoka kuna tabaka moja jembamba, halizidi unene wa kidole, teketeke. Nililigusa likateleza kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Hilo ndilo lililoangusha mlima. Lilizikwa pale miaka na miaka, na vyote vilivyorundikana juu yake vilionekana vimetulia, hakuna ambaye angeshuku kitu.

Ya pili naiandika polepole. Upande wa juu wa kovu, pale mlima uliponyofoka, tumeona nyufa mpya, maana yake sehemu iliyobaki nayo inaweza kuachia. Meli itabaki huku kwa awamu ya pili, hadi mwisho wa mwaka, kuweka vipimo pale juu. Mkuu wa safari ananitaka niwe kiongozi wa sampuli. Unajua nimeitamani nafasi hii tangu lini. Anataka jina langu kwenye orodha kabla ya Aprili kwisha.

Sijamjibu. Nikifikiria kazi, moyo unasema baki. Nikifikiria ile saa ya jioni unayorudi, unavua viatu mlangoni bila kuvifungua kamba, unauliza "kuna chai?" hata kama buli unaliona mbele yako, moyo huo huo unaniruka. Mwisho wa mwaka ni mbali mno.

Kwa hiyo nakuuliza. Usinijibu kama mfanyakazi mwenzangu. Nijibu kama mume wangu. Unasemaje?

Wako,
Binti Matope


Ghalani, 5 Aprili

Mke wangu,

Hongera sana! Nimefurahi kupita kiasi. Hakuna anayeistahili nafasi hiyo kukuzidi, na mkuu wako ana macho.

Baki. Nafasi kama hii haiji kila siku. Usinifikirie mimi hata kidogo. Hapa kila kitu kiko sawa na mimi nimeshazoea.

Mpe mkuu jina mapema, asije akapata mwingine.

Mumeo


Melini, 14 Aprili

Ndugu Mtunza Ghala,

Masanduku mawili yanakuja na boti hii. Tafadhali angalia kamba ya lile dogo, imelegea.

Nashukuru kwa ushauri wako. Kabla ya mwezi kwisha nitaandika jina.

Nimefurahi kusikia kwamba umeshazoea.

Wako katika kazi,
Fundi wa sampuli


Mlangoni kwako, 21 Aprili

Kaka,

Nimegonga mpaka mkono umeniuma. Jirani yako wa juu, yule wa viti, ameshuka kuniambia nisijisumbue, eti hapa siku hizi unapita kubadilisha nguo tu, unalala kazini kwako. Kaka! Kuna nyumba nzima hapa na wewe unalala kwenye kochi la ofisi, jirani na friji la matope?

Nimefungua kwa ufunguo wangu wa akiba. Jikoni hakuna hata chembe ya sukari. Kiti cha wifi umekitandikia kanga yake kama vile ameinuka tu kwenda kuchukua kitu. Na huo mmea unaomwambia unaendelea, umekufa. Umekauka kabisa, na udongo umelowa. Unamwagilia maiti.

Juzi nilipokuuliza umemjibu nini wifi kuhusu kubaki, ulisema "nimemtakia heri." Heri gani? Mimi ni fundi cherehani, ya bahari siyajui, lakini wewe nakujua tangu unavaa kaptula. Ulipotaka baiskeli ulimwambia baba kwamba unapenda kutembea.

Nimekuachia mkate na siagi mezani. Ule.

Mdogo wako


Ghalani, 23 Aprili

Mke wangu,

Leo nimepasua bomba la tarehe kumi.

Nilikuwa nimewasha taa zote na nimeshika kisu, nimejiandaa kuona mchanga chini na tope laini juu. Nikakuta mchanga umekaa juu. Nikasema, ama bahari imeamua kuwa na mambo yake, ama nimezeeka. Nikavaa miwani. Kisha nikaviangalia vifuniko. Cheupe kimewekwa chini. Chekundu juu. Mshale umechorwa vizuri, umenyooka, na unaelekea kilindini.

Ni mwandiko wako.

Nimekaa kwenye kigoda nikaliangalia kwa muda mrefu. Kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja hujawahi kukosea mshale. Ulichora mishale ukiwa na homa. Ulichora mishale wiki tuliyomzika mama yako. Nikatafuta ni nini kilichotokea tarehe kumi, nikakumbuka kwamba boti iliyobeba barua yangu ilikufikia tarehe tisa jioni.

Mimi ndiye niliyekupindua.

Sasa nisikilize, maana nikiacha kuandika hili sasa sitaanza tena. Mwaka ule nilipolazwa, uliiacha safari yako ya kaskazini ukaja kukaa kando ya kitanda changu. Hukunung'unika hata siku moja. Lakini alasiri moja ulidhani nimelala, ukatoa ile ramani ya safari kwenye mkoba, ukaipitishia kidole taratibu kutoka kituo hadi kituo. Nilikuwa macho. Nikaapa kwamba sitakuwa tena sababu ya wewe kuikunja ramani. Hilo ndilo tabaka langu teketeke, na juu yake nimekurundikia "kila kitu kiko sawa" kwa miaka.

Hakiko sawa. Sili. Silali nyumbani, kwa sababu nyumba ile ikishaingia jioni inaniuliza uko wapi. Mmea wako umekufa. Sijazoea. Lile neno nililiandika ili usione huruma, na nilipolifunga kwenye bahasha nilitamani lipotee njiani. Bandarini sikupunga kwa sababu kama ningeinua mkono ningelia, na kweli palikuwa na watu.

Uliniomba nijibu kama mumeo. Haya: rudi. Ukitaka kubaki kwa ajili ya kazi, baki, na nitakungoja bila kinyongo. Ila usibaki kwa sababu ulidhani hapa hakuna anayekuhitaji. Nakuhitaji mno.

Bomba nimeligeuza na lebo nimesahihisha. Boti inaondoka alasiri, barua hii itakufikia kabla hujaandika jina.

Wako, wako kabisa,
Bwana Baridi


Ghalani, 27 Aprili

Mdogo wangu,

Namtuma mlinzi akuletee karatasi hii huko kwenye cherehani yako. Mkate nimekula, asante, acha kelele.

Nimeharibikiwa. Boti ya mizigo imerudi bandarini, mawimbi yameishinda. Begi la barua nimerudishiwa mwenyewe mkononi, na barua yangu imo ndani, kavu, haijaenda popote. Mwezi unakwisha na yeye kule anajua neno moja tu kutoka kwangu, nalo ni "baki."

Kuna redio ya setilaiti ofisini kwa mkurugenzi. Ni ya kazi tu, na ninayo sababu ya kazi, maana lile bomba lazima melini walisahihishe kwenye kumbukumbu zao. Ila chochote nitakachosema kitasomwa mezani mbele ya nahodha, mpishi na watu wote. Nimeandika ujumbe mara nyingi nikachana. Unanijua. Mimi hata kwenye harusi yetu nilishukuru wageni kwa kunong'ona.

Naenda hivyo hivyo.

Kaka yako


UJUMBE WA KAZI KWA MELI, 28 Aprili
Kutoka: ghala la sampuli
Kwenda: fundi wa sampuli

Bomba la tarehe kumi Aprili limefungwa kichwa chini. Nimeligeuza. Tafadhali sahihisheni kumbukumbu za melini. Mabomba mengine yako sawa. Mimi siko sawa. Sijazoea. Rudi nyumbani, mke wangu, nakupenda. Mtunza ghala.


Kwenye boti ya mizigo, 2 Mei

Mume wangu, Bwana Baridi wangu,

Ngoja nikuhadithie ulichofanya.

Tulikuwa tunakula mchana. Asubuhi ile nilikuwa nimeshaandika jina langu kwenye orodha ya awamu ya pili, nimeketi na sahani yangu nikijisikia kama mtu aliyehama nyumba na kusahau kitu asichokikumbuka. Mzee wa Redio akaingia, akasafisha koo, akaanza kwa sauti ile yake ya kutangaza hali ya hewa: "Bomba la tarehe kumi Aprili limefungwa kichwa chini." Meza nzima ikanigeukia. Nikatamani kujificha chini ya benchi. Ningependa kukudanganya kwamba niligeuza makusudi, nikupime kama bado unaangalia ninachokutumia. Sikugeuza makusudi. Siku ile sikuwa najua juu ni wapi.

Mzee akaendelea, na alipofika "mimi siko sawa" akaisogeza karatasi karibu na macho. Akasoma iliyobaki taratibu, na sauti ya hali ya hewa ikawa imemtoka. Mpishi alibaki ameshikilia upawa, mchuzi ukamdondokea kiatuni. Mzee akamwuliza mkuu wa safari, "Na hii nayo niingize kwenye kumbukumbu za kazi?"

Mkuu akasema, "Ingiza."

Nililia, mume wangu. Mbele ya watu wote, jinsi ambavyo wewe usingeweza. Kisha nikacheka, kwa sababu nilikuona kabisa: umesimama ofisini kwa mkurugenzi, koti limetoboka, masikio yamekuwa ya moto, unamsomea mwendesha mitambo "nakupenda" neno kwa neno ili asikosee.

Nikamfuata mkuu. Sitakudanganya na hapa: awamu ya pili bado inaniuma. Jina langu nimelikata, na ule mteremko wenye nyufa nitauota. Lakini hukunikunjia ramani. Uliniambia ukweli, nami nikachagua mwenyewe. Mkuu aliliangalia jina lililokatwa, akasema mwenzangu wa chumbani anaweza kushika sampuli huku, tena masanduku yote haya hayana maana kama hakuna wa kuyasoma huko nchi kavu. "Nenda kaongoze usomaji," akasema. "Nasikia ghalani kuna mtu anayejua juu na chini."

Bahari imetulia, boti imekuja na inarudi na mimi. Nahodha wake alinikabidhi pia barua yako ya tarehe ishirini na tatu, ile iliyokwenda ikarudi ikaja tena. Nimeisoma nikiwa nimeketi juu ya sanduku hili. Kuhusu ile alasiri hospitalini: nilijua uko macho. Ukilala kweli unakoroma. Niliipitishia kidole ramani ile kwa kuiaga, kisha nikaikunja, na sikuwahi kuijutia. Kama ungeniuliza siku ile ningekwambia.

Hivi unajua kwa nini naandika na huku nakuja mwenyewe? Kwa sababu nitakapokuona mdomo utaanza na koti, utaingia kwenye mmea, utaishia kwenye mlango wa kabati, na haya hayatasemwa. Kwa hiyo nayachomeka mahali petu pa siku zote, katikati ya mabomba, sanduku la pili. Najua utaanza na lipi. Utashika kwanza bomba, utaangalia mshale, ndipo utaona karatasi.

Basi, ukifika mstari huu, mimi nitakuwa nimesimama nyuma yako hapo ghalani, nimejikunyata kwa baridi, nakungoja umalize. Usijifanye unasoma polepole. Geuka.

Wako,
Binti Matope